Ukinifunga, Nitavuka

Bweni, Pangani
9 Oktoba 1953

Mwanangu Chiku,

Kutoka ng'ambo hii ya mto nakuletea salamu, na ninaomba zikukute mzima wewe na majirani zako wote wa Makorora. Mimi sijambo, ila goti la kulia linanikumbusha umri kila nikiinuka kwenye mkeka wa sala. Nazi mwaka huu si haba. Paka wako, yule uliyeniachia kwa siku mbili na sasa ni mwaka wa pili, amezaa stoo juu ya magunia ya mbata na amenipiga marufuku kuingia.

Sasa hilo jambo lenyewe. Mzee Mbwana ameniandikia. Anasema yeye ni mshenga wa bwana mmoja anayeitwa Uweso, fundi wa mashine hapo bandarini Tanga, mfiwa na mke, na kwamba bwana huyo anakutaka. Ananitaka jibu mimi kwa kuwa marehemu kaka yangu Haji hayupo, na walii wako wa kukuozesha ni mimi. Barua yake ina adabu nzuri. Nimeiweka juu ya kabati.

Nyie watu wa mjini mna haraka. Mume wako Mola amrehemu, eda uliikaa vizuri, sikatai. Lakini mtu haulizwi leo akajibu leo.

Nakujua, umeshanuna. Usinune. Tufanye kama baba yako alivyokuwa akitufanyia mimi na wewe tukibishana, anatuwekea ubao wa sataranji na kusema anayeshinda ndiye mwenye haki. Tucheze kwa barua. Ukinifunga, nitavuka kivuko nije Tanga nikuozeshe kwa mkono wangu mwenyewe. Usiponifunga, huyo bwana aendelee kupaka mashine mafuta.

Kete nyeupe chukua wewe, maana mimi ni mkubwa na sina wasiwasi.

Mimi Ami yako,
Idarusi


Makorora, Tanga
15 Oktoba 1953

Ami yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili na nimeisoma mbele ya Bibiana, yule jirani yangu aliyetoka mashamba ya mkonge, akacheka habari ya paka mpaka akakaa chini. Goti lako ulikande kwa maji ya moto, usilionee haya. Mimi mzima. Kofia ninazoshona zinakwenda, na chumba changu hakivuji tena.

Nimekubali. Umesema mwenyewe kwa wino, ukifungwa unavuka. Nimeikunja barua hiyo nikaiweka pamoja na vitu vyangu vya maana.

Ami, mimi ni mwanao na yako mambo mtoto hamwambii baba. Nitasema lile tu ambalo Mzee Mbwana angelisema. Huyo bwana ana watoto wawili wadogo ambao mama yao alifariki, na amepewa uhamisho kwenda bandari mpya ya Mtwara. Anatakiwa aondoke na meli mwishoni mwa Machi. Peke yake na watoto wale hawezi. Basi nimemaliza, na uso wangu umenishuka.

Ubao wangu ni wa boksi la sabuni, nimeuchora kwa makaa. Naanza. Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Najua na wewe utafanya vivyo hivyo, hujawahi kufanya vingine. Farasi wangu wa upande wa mfalme anatoka kumtisha askari wako, nawe utamlinda kwa farasi wa upande wa waziri. Halafu ndovu wangu anatoka mpaka mahali anapoitazama ile nyumba ya ubaoni ya askari wa ubavuni mwa mfalme wako, ile isiyolindwa na mtu yeyote isipokuwa mfalme mwenyewe. Hapo ndipo tulipo. Zamu yako.

Mwanao,
Chiku binti Haji


Bweni
22 Novemba 1953

Chiku mwanangu,

Marahaba, na salamu za Maulidi zikufikie japo zimechelewa. Hapa tulisoma vizuri, watu walitoka mpaka Mwera. Mimi nilipewa kazi ya kugawa kahawa na nikaigawa vibaya, waliokaa mlangoni walikunywa mara tatu na waliokaa ndani wakanusa. Usishangae basi kwamba nimekawia kujibu.

Nimeona ulivyoanza. Ndivyo alivyokuwa akianza baba yako, hakuwa na subira hata kidogo. Alitoka mbio kumwendea mfalme wa mwenziwe na huku nyuma nyumba yake wazi. Mara nyingi alishinda, sikatai. Lakini alikuwa akinifunga mimi kijana wa miaka ishirini, si mimi wa leo.

Farasi wangu wa pili ametoka. Anamtazama askari wako wa katikati. Umlinde.

Nimeutoa ubao nikauweka barazani, kete zote mahali pake. Watu wanapita wanauliza nacheza na nani. Nawaambia nacheza na Tanga.

Wako,
Idarusi


Makorora
27 Novemba 1953

Ami,

Shikamoo. Tumshukuru Mungu kwa Maulidi na kwa kahawa. Huku nako tulisoma, mimi nilikaa na akina mama, nikapika wali wa sinia tatu. Watoto wa huyo bwana waliletwa kula kwangu. Mdogo hali nazi, anaichambua punje kwa punje. Nakupa habari tu.

Askari wangu simlindi. Farasi wangu ameruka tena mbele, na sasa yeye na ndovu wanaitazama nyumba ile ile moja. Ukimsukuma askari wa waziri hatua mbili kumziba ndovu, mimi namla askari huyo. Nakuandikia mapema ili barua moja ifanye kazi ya mbili. Nakuomba na wewe ufanye hivyo, Ami. Niandikie: Chiku ukifanya hivi, mimi nafanya hivi. Tutafika upesi.

Bibiana hajui sataranji ila ameuelewa mchezo huu kuliko ninavyotaka. Jana alinitazama ninavyoinamia boksi la sabuni akaniambia, "Mwenzangu, miye kwetu mtu akitaka kuolewa huwatuma wazee. Weye watuma farasi." Nikamwambia wazee wameshatumwa, wamewekwa juu ya kabati. Nisamehe kwa utani huo. Ulinitoka.

Mwanao,
Chiku


Bweni
11 Januari 1954

Mwanangu,

Salamu nyingi. Najua umengoja. Desemba yote ilikuwa ya kuangua nazi, na wakwezi wa siku hizi bila mtu kusimama chini wanaangua hata vidaka, nazi ambazo hazijakomaa. Halafu nikapata homa, si kubwa. Imekwisha. Paka amehamisha watoto wake akawaleta chini ya kitanda changu, kwa hiyo homa yangu haikuwa ya upweke.

Askari wa waziri nimemsukuma kama ulivyokisia. Umemla. Nami nimemla huyo aliyekula, kwa farasi, na farasi wangu amesimama katikati ya ubao kama mwenye shamba. Ukiniuliza mimi, hali yako si nzuri. Umetoa watu wawili mbele na waliobaki wamelala. Ngome zako hazijajua kama kuna vita. Mfalme wako hajajificha. Baba yako angekugombeza.

Hilo la kuandikiana "ukifanya hivi, nafanya hivi" sitalifanya. Mchezo unaochezwa hivyo hauna ladha. Nikiisoma barua yako nataka nikae na zamu moja, niitazame asubuhi, niitazame baada ya alasiri, nijiulize huyu mtoto anafikiria nini. Tangu shangazi yako Mwatumu alipofariki hakuna mtu anayekaa upande wa pili wa ule ubao. Usinionee huruma kwa hilo, nakueleza tu kwa nini nacheza polepole.

Huko Mtwara nimeulizia. Wanasema ni karibu na kwa Wareno.

Ami yako,
Idarusi


Makorora
18 Januari 1954

Ami yangu,

Shikamoo, na pole kwa homa. Ungeniarifu ningekuja. Nakula, nalala, nashona. Bibiana anakusalimu na kukuombea afya, kwa dini yake na kwa yangu.

Farasi wangu ameingia ile nyumba. Amemla askari aliyekuwamo, na sasa anamtisha waziri wako na ngome yako kwa pamoja, kwa hiyo huna njia ila mfalme amle. Mle. Najua ni farasi mzima namtoa bure, na najua utasema nimerukwa na akili. Ukishamla, mfalme wako atakuwa ametoka kwake. Hapo waziri wangu atatoka asimame mahali anapomtisha mfalme wako na yule farasi wako mwenye shamba kwa mara moja. Nijibu hilo la waziri. Hayo mengine yote chukulia yamekwisha kuchezwa.

Mzee Mbwana alikuja juzi. Hakupenda kukaa. Amesema meli imethibitishwa, wiki ya mwisho ya Machi, na kwamba yeye ni mtu mzima, anaona haya kuwa mshenga asiyejibiwa wala ndiyo wala siyo. Akaniambia ipo njia. Niende kwa kadhi niseme walii wangu ananizuia bila sababu, na kadhi atasimama mahali pako aniozeshe. Nikamwambia sitakwenda. Siwezi kusimama mbele ya watu wa Tanga nikamshitaki ndugu wa baba yangu, mtu aliyenibeba mabegani.

Lakini Ami, ipo njia nyingine isiyo na aibu. Mwandikie kadhi mistari miwili kwamba umempa uwakala. Goti lako likae, kivuko kikae. Mistari miwili tu kutoka kwako ingetosha.

Nimeandika nilichoapa sitaandika. Sasa siwezi kukifuta.

Chiku


Bweni
2 Machi 1954

Chiku,

Salamu. Huku wote wazima. Mawingu yameanza kukaa upande wa Pangani na wavuvi wanasema masika ya mwaka huu yatakuwa ya kweli.

Farasi wako nimemla. Waziri wako nimemwona. Nakiri nilikaa na ubao huo siku nyingi bila kugusa kitu, na chai ikapoa, na Mzee Dhahabu wa msikitini akanikuta hapo akadhani naumwa. Nilijaribu kumrudisha mfalme nyumbani, nikaona kwamba akirudi tu amekwisha, ndovu wako anamla farasi na mfalme anafia mlangoni kwake. Kwa hiyo nimefanya ambalo sijapata kulifanya tangu nijifunze mchezo huu. Nimemtoa mfalme nje, mpaka katikati ya ubao, ashike mkono wa farasi wake mwenyewe. Yupo uwanjani, hana paa. Njoo umchukue kama unaweza.

Umecheza vizuri, mwanangu. Nasema bila utani. Baba yako angefurahi.

Kuhusu kadhi, mambo ya kuozesha hayaandikwi kwa mistari miwili. Nilikuahidi mkono wangu, si karatasi. Tumalize mchezo.

Idarusi


Makorora
9 Machi 1954

Ami,

Shikamoo. Barua hii siitii posta. Nampa Asheri, kondakta wa basi la Pangani, ambaye ameniahidi atavuka mwenyewe aikabidhi mkononi mwako.

Farasi wangu aliyebaki ametoka, naye anamkaba yule farasi wako wa katikati. Huyo farasi wako hawezi kuondoka, kwa kuwa akiondoka ndovu wangu anamwona mfalme. Tazama ubao vizuri. Una zamu chache, na zote ni za kujitetea. Sikuambii umefungwa. Nakuambia tu kwamba kama tungekuwa tumekaa uso kwa uso, ungekwisha kuinuka ukaenda kutafuta viatu.

Mfalme wako ametoka nje, Ami. Wewe bado.

Sitaki ushindi tena. Kama hujaridhika kwamba nimekushinda, njoo hivyo hivyo. Na kama hutaki kuja kwa sababu humtaki huyo bwana, niandikie jina la kosa lake, nitalikubali na nitanyamaza. Hukupata kumtaja kwa jina hata mara moja tangu ile barua ya kwanza. Huwa nazifungua barua zako natafuta jina lake kwanza, kisha ndiyo naangalia umecheza nini.

Watoto wameanza kuniita mama. Sikuwafundisha.

Mpe Asheri jibu. Atangoja.

Chiku


Bweni
17 Aprili 1954

Mwanangu mpenzi Chiku,

Natumai barua hii itakukuta na afya. Masika yametupiga. Barabara ilikatika, basi halikuja, kivuko kilisimama kwa maji kujaa na magogo kuteremka. Kwa ajili hiyo barua yako ilikawia sana kunifikia, na nilipoipata sikuwa na njia ya kujibu.

Mfalme nimemlaza chini. Sichezi tena, umenifunga, na umenifunga kwa haki. Nimeutazama ule ubao pande zote nne, hata nikakaa upande wako, na nimeona kwamba sina pa kwenda.

Basi nakuja. Kanzu nimeifua. Goti nimelifunga kitambaa. Stoo nimemwachia jirani na paka nimemwachia Mungu. Waambie Mzee Mbwana na Bwana Uweso, nimeandika jina lake, watafute siku yoyote kabla ya Ramadhani, kama meli yake imeahirishwa, na meli katika masika huahirishwa. Kama ameshatangulia, tutamwandikia arudi mara moja akuchukue, au nitakupeleka mwenyewe hadi huko kwa Wareno.

Chiku, nilikuwa naona kila zamu ninayocheza ni zamu moja kabla ya wewe kuondoka. Nilidhani nacheza na wewe tu. Nahuzunika kwa kiasi ambacho sina kalamu ya kukiandika. Nijibu upesi kwamba nije.

Ami yako anayekupenda,
Idarusi


Makorora
25 Aprili 1954

Ami yangu,

Shikamoo. Sisi huku salama. Mvua ilibeba choo cha jirani wa nyuma lakini chumba changu hakikuguswa. Bibiana amepata mjukuu, wamemwita Yudith. Nilimshonea kofia ndogo ya sufu, akaitapikia.

Meli haikuahirishwa. Iliondoka wiki ile ile ya mwisho ya Machi, Jumapili, na jua lilikuwa kali. Bwana Uweso alingoja mpaka siku ilipokuwa haingojeki, halafu akafanya ambalo mtu mwenye watoto hana budi kufanya. Alioa huko kijijini Kigombe, Alhamisi kabla ya safari, binti wa watu wa upande wa mama yake. Walii wa binti alikuwa chumba cha pili, walimwita tu akatoka. Kabla ya hapo alikuja kwangu na Mzee Mbwana, akasimama nje kwa adabu, akasema, "Mwambie ami yako sina kinyongo naye." Nimekufikishia. Watoto niliwafunga mizigo mimi. Yule mdogo nilimwandikia mama yake mpya, kwa mkono wangu, kwamba hali nazi.

Kwa hiyo usije kwa harusi. Kanzu ikunje. Mtu huyo ana mke, hatumwandikii.

Ami, sikutaka kusema, lakini nikinyamaza nitakuwa nakudanganya, na wewe ndiye uliyenilea nisidanganye. Asheri alivuka tarehe kumi na mbili Machi, Ijumaa, mvua hazijaanza. Amenieleza kwamba aliitia barua mkononi mwako, ukampa dafu, ukaisoma mbele yake, ukaikunja. Alingoja mpaka basi lilipompigia honi. Ukamwambia bado unafikiria zamu.

Sina hasira. Nilikuwa nayo, imekwisha. Nilililia hilo siku kadhaa, Bibiana ni shahidi, kisha nikaona kwamba hata mimi nilikosea. Niliamini kwamba nikicheza vizuri utakuja. Ningejua ungekuja nikicheza vibaya, ningekuachia kila kete niliyokuwa nayo.

Mfalme wako msimamishe. Sikubali ulivyomlaza, mchezo haukwisha, na zamu ni yako. Cheza chochote unachopenda, mwangalie asubuhi, mwangalie baada ya alasiri. Ukishacheza, mimi nitamrudisha waziri wangu nyumbani, na farasi nitamrudisha nyuma yake, na tutaanza kuwatoa askari mmoja mmoja kama unavyopenda wewe. Barua zako nitazijibu zote.

Cheza taratibu, Ami. Sina tena pa kuwahi.

Mwanao,
Chiku binti Haji